Joto la Kusahau

I

Kikopo kilikuwa cha majani ya chai, na kifuniko chake kilikuwa kimefungwa kwa uzi mweusi, mizunguko saba. Daktari Subilaga Mwaipaja aliukata uzi kwa mkasi, akafunua, kisha akafunika upesi kama mtu aliyechungulia chungu cha jirani. Ndani, juu ya kitambaa cheupe, kililala kifungo cha moyo, na kifungo hicho kilikuwa na damu.

"Hiki hakipokelewi," alisema.

Ambakisye, fundi wa hadubini, ambaye alikuwa amefanya kazi chini yake kwa miaka kumi na miwili na alikuwa amezoea kuyasikia maneno hayo yakielekezwa kwa watu wengine, alitazama sakafu. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba mvua za wiki iliyopita zimelichukua daraja. Kwamba hospitali iko ng'ambo ya mto na haifikiki. Kwamba marehemu alifariki nyumbani, na mganga wa zahanati ndiye aliyekitoa kifungo kwa mkono wake na kumkabidhi mjane, kwa kuwa sheria inataka kila kifungo kirudishwe katika Taasisi ndani ya siku tano.

Daktari Subilaga alionyesha kwa kidole ubao uliokuwa juu ya mlango. Aliuandika mwenyewe miaka minane iliyopita, kwa mwandiko wa wima wa watu waliofundishwa kuandika kwa kalamu ya kuchovya: *Hakuna kilichotoka mwilini kitakachoingia humu kabla ya kutakaswa.*

"Nimeusoma," alisema mwanamke aliyekuwa ameketi kwenye benchi la ushoroba. "Nimeusoma mara nne tangu nilipofika. Umeandikwa vizuri."

Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na ushei, viatu vyake vya mpira vikiwa na tope hadi magotini. Jina lake lilikuwa Tupokigwe. Mume wake, Mzee Angetile, alizikwa Jumatatu. Alitembea tangu alfajiri, akapita mashamba matatu ya chai na maporomoko mawili ya udongo, akiwa amekiweka kikopo kile kifuani, ndani ya nguo.

"Damu hiyo ni ya mume wangu, Daktari," aliendelea, bila kupandisha sauti. "Haitakuuma. Alipokuwa hai ndiye aliyekuwa akiuma watu, na hata hivyo kwa maneno tu."

Ambakisye alicheka, akajikohoza ili kicheko kifichike. Daktari Subilaga alijikuta akivishusha vidole vyake hadi kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, pale mshipa unapopiga. Tabia hiyo ilikuwa imemwingia tangu mwanzo wa wiki, na hakuipenda.

Mjane alisema hakuja kwa sababu ya sheria. Alikuja na swali. Miezi mitatu iliyopita Mzee Angetile alitimiza miaka kumi tangu alipowekewa kifungo, na alikuwa na siku yake ya kwenda kubadilishiwa. Mkoba ulikuwa umeshafungwa. Kisha ikaja barua kutoka Taasisi, ikisema kwamba vifungo vyote vilivyochunguzwa vimeonekana kuwa vizima, kwamba muda wake utaongezwa, na kwamba hakuna haja ya kupasuliwa tena. Mzee aliufungua mkoba, akarudisha shati lake msumarini, akafurahi.

"Nataka kujua," alisema Bi. Tupokigwe. "Mume wangu amekufa kwa siku zake, au amekufa kwa kifungo? Ukinijibu, nitakwenda zangu."

Barua ile ilikuwa na sahihi moja. Daktari Subilaga aliijua sahihi hiyo vizuri, kwani ilikuwa yake. Alikichukua kikopo. Alimwambia Ambakisye akisafishe kifungo kwa spiriti baridi, kwa pamba, pole pole, na asithubutu kukifanyia jambo jingine lolote. Kisha akamwambia mjane arudi kesho.

"Nitarudi," alisema Bi. Tupokigwe. "Ndaga." Akashukuru hivyo kwa lugha ya nyumbani, akasimama, na kabla ya kuondoka akautazama tena ule ubao, kama mtu anayejifunza shairi.

II

Kifungo cha moyo ni kidude kidogo cha kauri, kipana kama kifungo cha shati. Hushonwa juu ya moyo wa mzee uliochoka. Kila moyo unapopiga, kauri hupindika kidogo sana. Ikipindika huzaa umeme. Umeme huo huuhimiza moyo upige tena. Moyo hulisha kifungo, na kifungo huulisha moyo. Hakina betri wala waya unaotoka nje. Katika nyanda hizi za baridi, wazee elfu tatu na mia nne walikuwa wakitembea, wakichuma chai, wakigombana na wakwe zao, kwa nguvu ya vidude hivyo.

Daktari Subilaga alikuwa mmoja wao. Chake kilikuwa na miaka tisa.

Alhamisi, saa nne asubuhi, aliketi mbele ya hadubini ya elektroni. Chumba kilikuwa na giza la makusudi, pampu ikinguruma sakafuni, na mvua ikigonga paa la bati. Tangu alfajiri mashine ya kunolea ilikuwa imekipunguza kipande cha kauri ya Mzee Angetile hadi kikawa chembamba kuliko unywele uliopasuliwa mara elfu, ili elektroni ziweze kupita ndani yake na kuchora kivuli cha kilichomo.

Kilichomo, katika kauri ya aina hiyo, ni vitongoji. Ndivyo walivyoviita hapo maabarani. Ndani ya kila punje ya kauri kuna mishale ya umeme isiyohesabika. Mishale ya jirani hupenda kuelekea upande mmoja, na mahali inapoelekea upande mmoja ndipo palipo kitongoji. Kati ya kitongoji na kitongoji pana mpaka. Kauri ikiwa hai, mipaka hutembea: moyo unapopiga, kitongoji hiki hupanuka, kile hupungua, na katika kusogea huko umeme huzaliwa. Kauri ikichoka, mipaka hukwama. Moyo hupiga, nayo haisogei.

Alikuwa amechunguza vifungo themanini na vitatu katika miaka minane, vyote vya marehemu, vilivyochaguliwa kati ya vilivyorudishwa. Themanini na vitatu vilionyesha picha moja: mistari myembamba, sambamba, safi, iliyopangwa kama miiba ya samaki. Alipovipa umeme kidogo, mipaka yote ilitembea kwa utii. Mara themanini na tatu aliandika: *Kauri ni nzima.* Na mara themanini na tatu hospitali, baada ya kusoma maneno hayo, iliandika sababu ya kifo: uzee.

Picha ya kifungo cha Mzee Angetile ilipotokea, alidhani hadubini haijalengwa. Akalenga upya. Mistari ilikuwepo, lakini ilikuwa imepinda na kukunjamana, mingine imekatika katikati, na kila ilipokatika palikuwa na doa jeusi, mfano wa kigogo kilichozuia maji ya mfereji. Alitia umeme. Mpaka mmoja, pembeni kabisa, ulitikisika. Mingine yote ilitulia tuli. Aliongeza umeme. Hapakuwa na tofauti.

"Tumeharibu wakati wa kunoa," alisema.

Ambakisye alisema huenda. Walinoa kipande cha pili kutoka upande mwingine wa kifungo kilekile, na wakati mashine ikifanya kazi Daktari Subilaga hakuketi. Alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi dirishani, akinyoosha karatasi ambazo tayari zilikuwa zimenyooka. Alimwuliza Ambakisye kama amepunguza mwanga wa elektroni, maana ukiwa mkali huisogeza mipaka wenyewe. Ambakisye alisema amepunguza. Baada ya dakika tano akamwuliza tena.

Kipande cha pili kilikuwa kama cha kwanza.

Hapo aliacha kutembea. Katika shule aliyosoma, mwalimu aliwafundisha kwamba mtoto mmoja akipata jibu tofauti na darasa zima, kabla hujamchapa, litazame darasa. Kifungo hiki kilikosa kitu gani ambacho vile themanini na vitatu vilikuwa nacho? Kilitoka mwilini kama vile. Kiliwekwa mwilini kama vile. Kilinolewa kwa mashine ileile na mikono ileile. Tofauti yake ilikuwa moja: kilikuja na damu.

Alitoka nje ya chumba chenye giza, akatazama juu ya mlango.

Mstari wa simu wa ng'ambo ya mto ulikuwa na mikwaruzo. Aliomba kuzungumza na Bi. Hobokela, msimamizi wa usafi wa chumba cha upasuaji, mwanamke ambaye hakuwahi kumwona kwa macho ingawa paketi zake zilikuwa zikifika kwa miaka minane, zikimetameta. Daktari Subilaga alimwamkia, akauliza habari za mvua na za daraja, kisha akauliza kama kwa kupita tu: vifungo vya marehemu, huwa wanavisafisha kwa njia gani?

Bi. Hobokela alifurahi kuulizwa. Sauti yake ilijaa fahari.

"Zamani tulikuwa tunavifuta kwa spiriti tu, Daktari. Kisha ikaja barua yako. Unaikumbuka? Tulikuletea kimoja chenye damu, ukakirudisha, ukaandika kwamba maabara si bucha. Mwe, tuliona aibu. Mganga mkuu aliisoma mbele yetu sote. Tangu siku hiyo navitia mimi mwenyewe kwenye chungu cha mvuke, pamoja na mikasi. Nyuzi mia moja thelathini na nne, dakika kumi na nane. Sijaruka hata kimoja. Nawe ulituandikia tena kutushukuru. Hiyo barua tumeibandika ukutani."

Daktari Subilaga alimshukuru, akaweka simu chini.

Kila fundi wa kauri hujifunza jambo hili mwaka wake wa kwanza. Kauri hizi zina joto lao la kusahau. Zikipashwa moto kupita nyuzi mia moja na ishirini, mishale yote hutawanyika, mipaka huyeyuka, madoa hufumuka. Zikipoa, vitongoji vipya huzaliwa, vyenye mistari sambamba, visivyojua lolote lililopita. Kauri iliyochoka kwa miaka kumi hutoka chunguni ikiwa kama ya siku ya kwanza. Kwake, hilo lilikuwa jambo la kuwafundisha wanafunzi ubaoni. Hakuwahi kuwaza kwamba mto uko katikati, na ng'ambo yake kuna mwanamke mwaminifu mwenye chungu.

Kwa miaka minane alikuwa akisoma vitabu vilivyofutwa, na kuandika kwamba havina kosa.

III

Mkurugenzi Lwitiko alikuwa na hati mezani, tayari imegongwa mhuri, ikisubiri sahihi moja. Iliitwa Hati ya Miaka Ishirini. Ikisainiwa, vifungo vyote vingekaa kifuani miaka ishirini badala ya kumi, na foleni ya kubadilishiwa ingefutwa. Wajumbe wa wizara walikuwa wanaipokea Jumamosi.

Alimsikiliza Daktari Subilaga hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na Daktari Subilaga angependa awe mbaya, kwani ingekuwa rahisi zaidi. Daktari alipomaliza, Lwitiko alivua miwani akaiweka juu ya hati.

Alisema anaamini anachosema Daktari kuhusu chungu. Lakini chungu kinathibitisha kwamba vile themanini na vitatu havisemi kitu. Hakithibitishi kwamba vilikuwa vimechoka. Kilichochoka ni kimoja. Huenda kiwanda kilikosea kimoja. Huenda mganga wa zahanati alikigonga kwa kisu. Kisha akamkumbusha, kwa upole uliomchoma zaidi kuliko ukali, sheria aliyowafundisha wote katika jengo lile: shahidi mmoja si shahidi, picha ya kauri moja haitoki nje ya mlango.

"Ni sheria yako, Daktari. Mimi niliichukua kutoka kwako nilipokuwa mwanafunzi wako, na ulinirudisha mara mbili kwa sababu yake."

Naye akaendelea kwa hesabu ambayo wote wawili waliijua. Kubadilisha kifungo ni kupasua kifua cha mzee. Katika kila wazee ishirini wanaopasuliwa, mmoja harudi wodini. Miaka miwili iliyopita uvumi ulienea kwamba vifungo vinaleta kiharusi. Wazee mia nne walikimbilia kubadilishiwa kabla ya wakati. Ishirini na mmoja walizikwa kwa uvumi. Mmoja wao alikuwa baba yake Lwitiko.

"Ukitangaza, watakuja wote elfu tatu na mia nne. Tutazika mia moja na sabini. Kwa kifungo kimoja."

"Na nikinyamaza?"

"Sikusema unyamaze. Nimesema tusubiri. Nitatuma agizo leo, visichemshwe tena. Foleni imesimama, hakuna anayebadilishiwa; lakini wazee hufariki, Daktari, ndivyo ilivyo. Kitakapokuja cha pili bila kuchemshwa, tutakitazama. Kikiwa kimechoka, nitatangaza mimi mwenyewe."

"Kwa hiyo tuketi hapa," alisema Daktari Subilaga, "tukimngoja mtu afe ili tujue kama tungeweza kumzuia asife."

Lwitiko aliiokota miwani yake, akaivaa. Mvua ilikuwa imepungua, na ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye madirisha, ukifuta chai, kisha uzio, kisha bendera. Daktari Subilaga aligundua kwamba vidole vyake viko tena kwenye mshipa. Alihesabu. Sitini na nne. Je, mapigo sitini na nne ya nani? Ya moyo, au ya kauri? Na katika hayo, mangapi yalikuwa ya kuazima?

Aliiacha hati mezani bila kuisaini. Lwitiko alisema kwa nyuma yake kwamba Jumamosi ni keshokutwa.

IV

Bi. Tupokigwe alikuwa kwenye benchi lake. Alikuwa amelala kwa binamu yake mjini, na amekuja na ndizi zilizopikwa ndani ya jani, ambazo alikuwa amekwisha kumgawia Ambakisye nusu. Ambakisye alisimama haraka, akafuta mdomo, akaondoka.

Daktari Subilaga aliketi. Hakuwahi kuketi kwenye benchi lile tangu jengo lilipofunguliwa, na alishangaa jinsi lilivyokuwa gumu.

Alikuwa ameandaa maneno. Alitaka kusema kwamba uchunguzi unaendelea, kwamba sampuli moja haitoshi, kwamba Taasisi itamwarifu. Yote hayo yalikuwa kweli. Aliyapanga kwa utaratibu, akafungua kinywa, akasema:

"Kifungo chake kilikuwa kimechoka. Hakikuwa kikifanya kazi. Tungalikibadilisha siku ile, huenda angalikuwa hai. Barua iliyomzuia asije niliiandika mimi."

Mjane aliendelea kulikunja jani la ndizi, nusu, kisha robo, kisha nusu ya robo.

"Huenda," alisema mwishowe.

"Huenda. Mmoja katika ishirini hufa mezani. Angeweza kuwa huyo mmoja."

"Angeweza. Bahati yake katika karata ilikuwa mbaya sana." Aliliweka jani magotini. "Sikulaumu kwa kukosea, mama. Mimi nimekosea mengi, na watu wamekula chakula changu kibaya wakanyamaza. Ila nina neno moja. Ile barua ilimwambia, hakuna haja. Haikumwuliza. Mume wangu alikuwa mbishi. Kama mngemwambia, mzee, ukikaa kuna hatari hii, ukipasuliwa kuna hatari ile, angewabishia siku mbili, kisha angechagua. Labda angekataa kupasuliwa, na leo ningekuwa mjane vilevile. Lakini angekuwa amekufa kwa uamuzi wake. Ninyi mlimchagulia, halafu mkamficha kwamba kulikuwa na cha kuchagua."

Daktari Subilaga alimweleza habari ya shahidi mmoja. Alieleza vizuri, kama anavyoeleza darasani: kwa nini picha moja haiwezi kutoka nje ya mlango, na kwa nini sheria hiyo ni njema, na jinsi ilivyowaokoa watu wengi kutokana na haraka za wataalamu.

Bi. Tupokigwe alisikiliza kwa makini, akaitikia kwa kichwa. Alikubali kwamba ni sheria njema. Kwao pia, hata kesi ya mbuzi huhitaji mashahidi wawili.

"Basi mume wangu amekupa wa kwanza," alisema. "Wa pili umtafute. Lakini usimtafute makaburini."

Kisha akauliza lile jani linaweza kutupwa wapi, kwa maana ameona jengo ni safi mno.

V

Daktari Ipyana, mpasuaji, alimwambia Ijumaa asubuhi kwamba kumbadilishia kifungo ili cha zamani kitazamwe ni jambo la kipuuzi, na kwamba angelifanya kwa sababu tu kifungo cha Daktari Subilaga kingefikia miaka kumi miezi michache ijayo na kwa hiyo haliko nje ya utaratibu. Walikuwa wamemvusha mto kwa kamba na kiti cha mbao, kama gunia la chai, Ambakisye akimshikia mkoba na kuapa kwamba hatazami chini. Aliposhuka ng'ambo alinyoosha sketi yake na kuuliza saa.

Kwa Ambakisye alikuwa ameacha maagizo katika ukurasa mmoja. Kifungo kikitoka, kisafishwe kwa spiriti baridi. Kinolewe pande mbili. Mwanga uwe hafifu. Na asikitazame kama kifungo cha Daktari. Akitazame kama kifungo.

"Kikiwa kizima?" alikuwa ameuliza Ambakisye.

"Basi nitakuwa nimepasuliwa bure, na Lwitiko atakuwa amesema kweli, na utamwandikia hivyo."

"Na kikiwa kimechoka, nawe..."

"Nikiwa mmoja katika ishirini, utaiandika hiyo pia. Ni takwimu."

Alilazwa kitandani, akasukumwa hadi chumba cha upasuaji. Pale mlangoni alisimama mwanamke mfupi, mnene, mwenye aproni iliyopigwa pasi hadi ikatoka mistari, na nyuma yake, juu ya meza ya chuma, palikuwa na chungu cha mvuke, kikubwa, kinachong'aa kama sufuria ya harusi. Ukutani ilibandikwa barua. Daktari Subilaga aliutambua mwandiko wa wima akiwa mbali.

Bi. Hobokela alikuwa ameambiwa. Macho yake yalikuwa mekundu. Alianza kusema kwamba hakujua, kwamba hakuna aliyewahi kumwambia, kwamba yeye alifanya kama alivyoagizwa. Na sauti iliyokuwa na fahari kwenye simu ilikuwa imegeuka ya mtu anayeomba radhi kwa kosa lisilo lake.

Daktari Subilaga alimshika mkono. Hakuwa mtu wa kushika mikono ya watu.

"Ulifanya kazi yako kwa unadhifu," alisema. "Aliyeagiza bila kuuliza ni mimi. Leo nakuomba jambo moja. Kitakachotoka kifuani mwangu kitakuwa kichafu. Kiache hivyohivyo."

Bi. Hobokela alimtazama. Kisha aliliendea lile dude, akauchomoa waya wake ukutani, akauzungusha mkononi mara tatu, akautia ndani ya mfuko wa aproni yake, akaufunga kwa kifungo. Akasimama mbele ya chungu kama mlinzi.

VI

Alipofumbua macho, mwanga wa dirishani ulikuwa wa mchana, na kifua kilimwuma kila alipovuta pumzi. Kwa muda hakufikiri lolote isipokuwa kwamba anahesabu. Sabini na mbili. Sabini na mbili, imara, ya kifungo kipya.

Ambakisye alikuwa kwenye kiti, amevaa koti lililolowa mvua, ameshika bahasha kubwa kwa mikono yote miwili. Ilikuwa Jumamosi, alisema. Saa sita. Wajumbe wameahirishwa na ukungu hadi saa tisa. Alisema hayo yote bila kuulizwa.

"Leta," alisema Daktari Subilaga.

Ambakisye aliiweka picha juu ya blanketi. Daktari hakuhitaji miwani. Mistari imekunjamana, imekatika, na kila ilipokatika pana doa. Katika kona moja tu palikuwa na vitongoji vichache vilivyonyooka, bado vikiwa hai. Pembeni Ambakisye alikuwa ameandika kwa penseli: *Sehemu moja katika tano inasogea.* Kwa hiyo ndivyo alivyokuwa akitembea ushorobani, akiwakemea watu kuhusu karatasi zilizopinda: kwa sehemu moja katika tano.

Aliitazama kwa muda mrefu. Aliona ajabu kwamba haogopi, na ya kuwa wasiwasi uliomsumbua wiki nzima, ule wa kutembea na kuhesabu, haukuondoka. Ulikuwa umehama tu kutoka kwake, ukaenda kwa watu elfu tatu na mia nne waliokuwa wakila chakula chao cha mchana bila kujua.

"Mashahidi wawili," alisema Ambakisye. "Mkurugenzi ameshaiona. Ameichana ile hati. Ameniambia nikuulize, tuwaandikieje wazee?"

Alimwambia achukue kalamu. Barua iwe fupi. Iwe na nambari mbili tu: ya kwanza, hatari ya kukaa na kifungo kilichochoka, kwa kadiri tunavyoijua, na ya kwamba tunaijua kidogo; ya pili, hatari ya kupasuliwa, mmoja katika ishirini. Isiwaambie njooni wala kaeni. Mwisho wake iwe na swali: *Unachagua lipi?* Na nafasi ya kutosha ya kujibu, kwani wengine ni wabishi. Nakala ya kwanza ipelekwe kwa Bi. Tupokigwe kwa mkono, ingawa haina la kumwuliza tena.

Ambakisye aliinama, akaandika. Kalamu yake ilikwaruza kwa muda, mvua ikaanza tena, na nje ya mlango magurudumu ya kitanda cha mtu mwingine yakapita. Kisha akamsomea mwanzo alioutunga, kwa sauti ya heshima:

"*Maabara yetu inasikitika kuwaarifu kwamba kulitokea kosa...*"

"Hapana."

Aliinua macho.

"Kosa halikutokea, Ambakisye. Mvua ndiyo hutokea," alisema Daktari Subilaga, akinyoosha shuka lililokuwa limekunjamana juu ya kifua chake. "Na maabara haina mkono wa kuandika barua. Niliandika mimi. Chukua karatasi nyingine, uanze na jina langu."